Jirani Aniitaye Mbara, na Mjukuu Wake Anayenunua Nyanya Kwangu

MUULIZE MKUNGA
Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mkunga mstaafu, mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa.

*Shikamoo Bi Mkunga. Mimi ni mama wa watoto watatu, asili yangu Ukambani, lakini nimeishi Likoni tangu niolewe. Nina genge mbele ya nyumba tunayopanga, nauza nyanya, vitunguu, mchicha na bamia. Nyumba ya pili yuko bibi mmoja mzee ambaye hajapata kuniita kwa jina. Kwake mimi ni "yule mbara", yaani mtu wa bara. Akifagia asubuhi, taka huzielekeza kwangu. Maji aliyooshea samaki huyamwaga palepale ninapoweka meza. Akipata leso (kanga) mpya yenye fumbo, atapita nayo mbele yangu aende, kisha apite tena arudi. Mwezi uliopita, kwenye foleni ya maji ya mfereji, alisema watu wakisikia: "Mtahama tu, kama mlivyohama mwaka ule." Kijana wangu wa miaka kumi na tisa alitaka kumvamia, nikamshika. Kinachonichanganya ni kuwa giza likiingia, mjukuu wa bibi huyo, mtoto wa miaka tisa, huja kununua nyanya mbili na kitunguu, na mara nyingine pesa hazimtoshi. Sijui kama bibi anajua. Pasta wetu anasema nimpende adui yangu. Binti yangu anasema ninunue leso iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" niivae nikikaa gengeni. Mama, nimechoka. Nifanyeje?*
*— Mwenye Genge, Likoni*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Tuanze na huyo mtoto, kwa kuwa yeye ndiye atakayesimama mbele ya meza yako leo jioni. Muuzie. Mchagulie nyanya nzuri kama unavyomchagulia mteja yeyote, usimpe zile zilizopasuka. Pesa zikimpungukia, andika kwenye daftari la deni kama unavyowaandikia wengine, jina na shilingi, basi. Usimpe ujumbe ampelekee bibi. Usimuulize anakusemaje nyumbani. Mtoto anayengoja giza liingie ndipo aje kununua kitunguu ameshabebeshwa ugomvi wa watu wazima, usimwongezee. Na waonye wanao wasimcheke wala wasimwite majina.

Leso ya kujibu, acha. Nimezaliwa na kukulia Mji wa Kale, nimeona wanawake wakisutana kwa leso tangu nikiwa mdogo, na najua roho inavyotulia pale fumbo linapompata mwenyewe. Lakini leso hujibiwa kwa leso, na wewe una genge la kuendesha na watoto wa kulisha. Tena, anayejifunga "Hasidi hana sababu" amekwisha kuamua kwamba hakuna la kuuliza. Mimi naona hapa lipo la kuuliza.

Bibi ametaja "mwaka ule". Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la watu wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari polisi sita na kuondoka na bunduki. Kisha zikafuata wiki za kuchomewa watu nyumba na vibanda, wengi wao wakiwa watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakahama. Walijazana katika kanisa Katoliki la Likoni wakiwa na magodoro na sufuria, na hata huko wakafuatwa. Halafu ikaja zamu ya wenyeji: askari wakaingia nyumba hadi nyumba wakizoa vijana, wenye hatia na wasio nayo, na wengi waliteswa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na baadaye ushahidi mwingi ulionyesha kuwa wanasiasa walikuwa na mkono wao katika kuwachochea vijana wale. Wanasiasa walirudi kwenye viti vyao, na majirani wakabaki kutazamana.

Bibi wa umri huo, mkazi wa Likoni, aliyaona yote mawili, jirani zake wakikimbia na watoto wa jirani zake wakifungwa pingu. Sijui ni lipi lililomkaa moyoni, na wewe hujui. Kuna na jambo la ardhi, ambalo hapa Pwani ni kidonda cha zamani kuliko 1997. Mombasa mtu hujenga nyumba juu ya ardhi isiyo yake, akawa analipia kiwanja maisha yake yote. Wako maelfu wanaoitwa maskwota, yaani wakazi wasio na hati, pale palipozikwa babu zao. Wewe muuza mchicha hukumnyang'anya mtu shamba. Ila wewe uko karibu, na mwenye hati yuko mbali, hajulikani hata sura.

Nakwambia haya ili ukimtazama bibi yule uone mtu mwenye historia. Sikwambii ili ukubali kumwagiwa maji ya samaki.

Lile neno la "mtahama" usiliache lipite. Kufagia taka kuja kwako ni inda tu. Kumtishia mtu kuhama kwa kumkumbusha mauaji ni jambo jingine kabisa. Nenda kwa mzee wa mtaa, mweleze siku, mahali, maneno yenyewe na waliokuwepo, na umwombe aliandike. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inahesabu uchochezi wa chuki za kikabila kuwa kosa, na adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Sikushauri umburute mzee wa watu polisi kwa maneno ya kwenye foleni. Lakini ukianza kuona vijana wageni wakikusanyika, au vikaratasi vya vitisho vikitupwa milangoni, hapo usingoje mzee wa mtaa. Nenda polisi siku hiyohiyo. Na akikuambia tena kuwa wewe ni mgeni, ujue Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Mombasa yenyewe imejengwa na waliokuja. Katika Taifa Tisa, yaani yale makundi tisa ya Waswahili wa mji huu, wamo Wapate, Wafaza, Washaka, waliokuja na majina ya miji yao. Kule Kisauni, Freretown ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na wajukuu zao wapo mpaka leo.

Sasa huruma yenyewe. Nitakusimulia niliyoyaona kazini. Usiku mmoja tulimpokea msichana mwenye uchungu wa mtoto wa kwanza, ameletwa na mamake. Aliyekuwa zamu nami ni muuguzi kutoka bara, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa. Yule mama alipomsikia lafudhi yake tu, akasema, "Mkono wake usimguse mwanangu." Aliyasema wodi nzima ikisikia. Mimi damu ilinichemka. Mwenzangu akavuta kiti, akakiweka kichwani mwa kitanda, akasema, "Mama, kaa hapa umshike mkono, ukimwachia ataogopa. Mimi nitakuwa huku chini." Akavaa glavu. Mtoto alikuja na kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili, na ile mikono iliyokataliwa ndiyo iliyokitoa, taratibu, kama mtu avuaye mkufu. Mtoto akalia. Yule mama hakuomba radhi. Hakusema hata ahsante. Mwenzangu alikwenda kunawa, akarudi mezani, akafungua kitabu cha ripoti cha wodi, akaandika uzito wa mtoto, saa ya kuzaliwa, hali ya kitovu, na chini yake maneno aliyoambiwa, neno kwa neno. Kisha akaendea kitanda cha pili.

Mwenyewe hili nimelishika maisha yangu yote. Alimhudumia yule msichana kwa moyo mmoja, na hakuyaficha maneno ya mamake. Wengi wetu tunadhani lazima tuchague. Anayesamehe tunamtaka anyamaze, na anayesema tunamwona hajasamehe. Kuwa mpole hakukulazimishi kunyamaza, mwanangu. Na yale maji ya samaki mwambie mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, siku ambayo huna hasira: "Bibi, hapa naweka chakula cha watu, naomba maji umwage mtaroni." Mwambie kila anapomwaga.

Msalimie kila siku. "Shikamoo bibi," halafu endelea na kazi yako, usisimame kungoja marahaba. Usimpelekee chakula kwanza. Najua kanisani watakwambia mpikie, na nia ni njema, lakini palipo na chuki ya namna hii sahani ya chakula huzua maneno: ametia nini humo, anataka nini. Wewe mwombe yeye kitu. Mwombe majani ya mwarobaini kama ana mti, au umuulize mchicha wa nazi wa Kidigo hutiwa nazi wakati gani. Mtu anayekudharau hajazoea kuona unahitaji anachokijua. Huenda akakujibu vibaya. Muulize jambo jingine wiki nyingine. Na siku akikujibu vizuri, hata kama ni baada ya mwaka, muulize kwa upole mwaka ule ulimkuta wapi. Kisha sikiliza tu, usimkatize na usimwambie ya kwenu mpaka akuulize.

Kijana wako usimwache na hasira zake. Yeye ndiye ninayemhofia zaidi katika barua yako yote. Mweleze haya ya 1997 wewe mwenyewe, pande zote mbili, kabla hajaelezwa upande mmoja na watu wanaotafuta vijana wa kutumia.

*Bi Mkunga, nafanya kazi katika ofisi moja Nyali, ni mimi pekee ninayevaa buibui. Mwenzangu mmoja kila mlango ukijibamiza husema, "Jamani, dada wa shababu amefika." Wote hucheka, hata meneja, nami hucheka nao. Juzi alifungua mkoba wangu "kwa mzaha" aangalie kama nina bomu. Nikicheka najidharau. Nikikasirika watasema, si mwaona? Nishauri.*
*— Mwenye Buibui, Kisauni*

Mdogo wangu, kuanzia kesho usicheke. Huna haja ya kununa wala kujibu. Endelea na kazi yako, uso wako ukiwa wa kawaida, na utani wao utakosa mwenzi.

Kisha mwite huyo bwana pembeni, mkiwa wawili. Mtu akisemwa mbele ya watu hupigania uso wake na hasikii neno. Mwambie: "Ukiniita dada wa shababu unaniweka pamoja na watu wanaoua. Inaniumiza, na nataka ukome." Halafu muulize ni nini kinachomtisha, na umuulize kwa kutaka kujua kweli. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wakiwa wanafunzi, na wauaji, wapiganaji wa Al-Shabaab, waliwatenga Wakristo. Nchi hii ina familia nyingi zilizoletewa jeneza kutoka kule. Huenda mwenzako ni wa mojawapo, na utani ndiyo njia pekee aliyoijua ya kukaa chumba kimoja na woga wake. Kama ndivyo, mpe pole yake yote.

Akikusikiliza, msimulie na habari za Salah Farah. Huyu alikuwa mwalimu, Mwislamu, abiria katika basi lililokuwa likienda Mandera Desemba 2015. Al-Shabaab walilisimamisha basi wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo vitambaa vyao vya kichwa wajisitiri. Waliwaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi mwezi uliofuata. Mwenzako anapotafuta ndugu zako, na huyo pia ni ndugu yako.

Lakini la mkoba halingoji mazungumzo. Liandikie barua leo kwa meneja, kwa tarehe na saa, na ubaki na nakala. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya dini, na inamtaka mwajiri auondoe. Meneja aliyecheka anahitaji kuliona hilo kwenye karatasi.

*Bi Mkunga, mimi ni mvuvi wa Mtongwe. Mwaka 1997 babangu alichukuliwa na askari asubuhi, akarudi baada ya siku nyingi akiwa hawezi kuinua mkono wa kulia. Hakuwa na hatia yoyote, alikuwa na mtumbwi tu. Tangu siku hiyo siwapendi watu wa bara, na sijawahi kulificha. Sasa binti yangu yuko darasa la nne na mwalimu wake ni wa kabila la wale askari. Mtoto anampenda mno, kila jioni ni mwalimu kasema hivi, mwalimu kafanya vile. Mwalimu akinisalimia njiani siitikii. Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini. Sikuwa na jibu. Je, mimi ni mtu mbaya?*
*— Mvuvi, Mtongwe*

Ndugu yangu, nakushukuru kwa barua hii kuliko zote zilizonifikia mwezi huu. Ni nadra mtu kuandika kwamba chuki iko kwake mwenyewe.

Huna ubaya. Una deni ambalo hukulipwa. Mkono wa babako ulistahili kusikilizwa mahakamani, aliyeuvunja asimame atajwe, na babako aambiwe mbele ya watu kwamba hakukosa. Hayo hayakufanyika. Palikuwa na tume ya kuchunguza mapigano ya kikabila iliyoundwa 1998, na baadaye Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ripoti yake ilikabidhiwa Rais Mei 2013. Karatasi zipo. Watu wengi kama babako hawajaona chochote mkononi. Mtu asiposikilizwa na mkosaji, hasira yake hutafuta aliye karibu, na aliye karibu nawe ni mwalimu wa shule ya msingi.

Mwalimu huyu alikuwa wapi 1997? Pengine alikuwa mtoto anayejifunza kusoma. Pengine ana jamaa aliyekimbia Likoni na godoro kichwani. Hukumuuliza. Na umbali huo unaomwekea ndio uleule ambao askari waliuweka kwa babako, walipotazama mvuvi wakaona kabila. Hili ni zito kulisikia, na nakwambia kwa sababu naamini una uwezo wa kulibeba.

Binti yako amekuuliza, basi mjibu. Asije akabuni sababu yake mwenyewe, wala asije akafikiri amekosea kumpenda mwalimu. Mkalishe, mweleze kilichompata babu yake, kwa maneno ya umri wake: babu alipigwa na watu waliokuwa na nguvu, hakuwa na kosa, na mimi nilikasirika nikawakasirikia hata wasiohusika. Asikie na hilo la mwisho.

Kaa na babako pia, maadamu yu hai, na umwombe akusimulie siku zile tangu alipogongewa mlango. Andika. Andika majina ya waliokamatwa pamoja naye, mahali walipowekwa, chakula walichopewa, alivyorudi nyumbani. Hujui ni lini tena mtu wa serikali au wa mahakama atauliza, na akiuliza ninyi muwe na karatasi yenu. Nimewaona wazee wengi hospitalini wakiondoka na habari kama hizi vifuani, na watoto wao wakabaki na hasira isiyo na tarehe.

Salamu ya mwalimu iitikie. Hiyo ni haki yake kwa kazi anayomfanyia mwanao, haina uhusiano na askari yeyote. Ukishaizoea, nenda shuleni siku ya wazazi, umshukuru kwa hesabu na kusoma, na ukiona nafasi mwambie kwa nini hukuwa ukiitikia. Kama babako anaweza kutembea na mwenyewe anataka, nenda naye, mwalimu amwone mzee na mkono wake. Asipotaka usimlazimishe. Nenda peke yako.